Ng'ombe wa Mama Hanyooshewi Fimbo

Historia ya marehemu Mbuya Chenzira Mudzingwa, inayosomwa nyumbani kwake, Rizavu ya Marumbi, leo tarehe 11 Septemba 1997, kabla ya maziko.

Waombolezaji wenzangu, wazee wetu, akina mama wa kanisa, wakwe mlioketi chini kama inavyowapasa, nanyi mlioketi kwenye viti ambavyo hamkupewa, kabla sijafungua karatasi hii naomba radhi, maana nitaisoma vibaya. Miwani yangu imepasuka jicho moja, mwandiko ni wangu mwenyewe na hata mimi unanishinda, na mtu aliyezoea kusimama jukwaani kwenye kumbi za bia amejipaka masizi usoni si mtu wa kukabidhiwa tarehe za watu. Ilipangwa asome Tongesai, mwana wa marehemu, mwenye sauti ya shemasi, lakini leo saa sita mchana dada yake Sekesai aliinyakua karatasi hii niliyokuwa naiandika, akanisukumia kifuani, akasema, “Utasoma wewe, mtani. Na utasoma yote, mpaka chini.” Mimi Tapfuma Gondo ni mtani wa ukoo huu kwa urithi wa baba yangu, nina ruhusa ya kumtania marehemu mbele ya jeneza lake na kuvaa kofia yake kabla haijapoa, lakini leo nimetii kama mtoto wa chekechea. Na yule ndama anayelia nyuma ya jiko tangu asubuhi, msimrushie mawe, naye ana habari yake, nitamfikia.

Marehemu Chenzira alizaliwa tarehe 14 Agosti 1931, njiani. Sisemi njiani kwa kuwa nimesahau jina la kijiji, nasema njiani kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Wazazi wake, Mzee Chakanyuka na Mbuya Shorai, walikuwa wakiishi Ruware, penye maji yasiyokauka na majani mafupi matamu, wao na wazazi wao na wazazi wa wazazi wao, mpaka siku alipokuja mtu na mnyororo wa kupimia, akapima, akaandika, na alipomaliza kuandika ikawa makaburi ya babu zao yamo ndani ya shamba la mtu mwingine. Walipewa siku nne. Wakatoka na ng'ombe arobaini na watatu, askari wa farasi nyuma yao, na Mbuya Shorai alipoomba msafara usimame ajifungue, askari alimjibu, “Mama, mimi nimeambiwa ng'ombe wasisimame. Habari za watu sikuambiwa.” Basi ng'ombe wakaendelea, yeye akasimama, akajifungua nyuma ya jiwe, akafunga kitovu, akambeba mtoto, akawafikia wenzake kabla ya mto. Wakamwita Chenzira, yaani wa njiani, na mtu aliyezaliwa huku ng'ombe wa kwao wakimwacha nyuma, msishangae kwamba maisha yake yote aliyatumia kuwafuata.

Walikofikishwa ni hapa Marumbi, rizavu waliyotengewa weusi, mahali ambapo enzi hizo hata kenge akipita alibeba chakula chake. Kokoto, mchanga, mwiba, na kokoto tena kwa wale ambao hawakuridhika na za kwanza.

Marehemu alianza shule mwezi Januari 1940, katika shule ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya mto, akasoma mpaka darasa la tatu, na elimu yake ilikamilika tarehe 9 Novemba 1943, saa nne asubuhi. Siku hiyo mwalimu aliuliza ni nani aliyewafundisha watu wa nchi hii kufuga ng'ombe, na jibu lililokuwa kitabuni lilikuwa ni Serikali. Chenzira akanyoosha mkono. “Mwalimu, kama ni Serikali, wale arobaini na watatu tuliotoka nao Ruware walikuwa wamejifuga wenyewe?” Mwalimu akamwambia, “Kaa chini, Chihera,” maana wanawake wa ukoo wake, wenye mwiko wa pofu, yule mnyama wa porini, wote huitwa Chihera, na nchi nzima inajua kwamba Chihera akikujibu “sawa” ni vizuri uangalie nyuma yako. Yeye hakusema sawa. Alisema, “Nikae chini wapi, mwalimu, na hata chini wamechukua?” Akachapwa viboko vinane, akachukua kibao chake cha kuandikia, akaenda nyumbani, na kuanzia siku hiyo akafundishwa na mama yake kukamua, kutibu kupe, kumtambua ng'ombe kwa kwato zake mchangani, na kutomsahau.

Tarehe 8 Oktoba 1949 marehemu aliolewa na Bwana Hwenga Mudzingwa, fundi wa kuchonga nira, mtu mpole ambaye katika miaka thelathini ya ndoa alishinda ugomvi mmoja tu, na huo mkewe alikuwa amelala. Mshenga wa ndoa hiyo alikuwa baba yangu, Mzee Gondo, kwa kuwa katika ukoo huu mshenga siku zote hutoka kwetu kwa watani, na alipofika kwa Mzee Chakanyuka alifukuzwa kwa magogo mara mbili kama heshima inavyotaka, akarudi mara ya tatu na ng'ombe wa mahari. Nane walikuwa wa baba. Wa tisa alikuwa wa mama.

Hapa naomba vijana wa mjini watege sikio, maana historia yote imefungwa kwenye ng'ombe huyu. Ng'ombe wa mama hulipwa kwa ajili ya tumbo lililombeba bibi harusi. Ni jike, mzima, na ni wa mama peke yake, yeye na uzao wake wote, na nyuma yake wamesimama marehemu wa upande wa mama, ambao hawana mzaha. Hauzwi, hachinjwi, na hata baba wa bibi harusi hamgusi bila kuomba. Mwenye kumla kwa dhuluma hufunga matumbo ya mabinti wa ukoo huo mpaka atakapomrudisha. Wa Mbuya Shorai alikuwa mwekundu, mwenye paji jeupe, pembe ya kushoto imeinama kama mtu anayesikiliza umbea, na jina lake Nyaradzo, yaani faraja.

Marehemu alijaliwa watoto wawili, Sekesai aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1951 na Tongesai aliyezaliwa tarehe 19 Julai 1953, na baada ya hapo hakujaliwa tena, kwa sababu ninayoifikia sasa, na naomba mnisamehe sauti ikipanda.

Tarehe 22 Septemba 1955 ilikuwa siku ya josho. Watu walipeleka ng'ombe kuogeshwa dawa ya kupe kama kawaida, wakamkuta Mudzviti, ndivyo tulivyomwita bwana mkubwa wa wilaya, amesimama juu ya ukuta wa josho na fimbo mkononi, na pembeni moto wa kuchomea chapa. Mkalimani akatangaza kwamba ardhi imechoka, ng'ombe wamezidi, kila nyumba itabaki na sita. Ardhi kweli ilikuwa imechoka, kama kitanda cha mtu mmoja kinavyochoka wakilazwa watu tisa, lakini mabwana wale, badala ya kurudisha vitanda vinane walivyovichukua, waliona dawa ni kuwakata waliolala miguu. Fimbo ikaanza kazi. Huyu. Huyu. Na huyu. Hakuuliza huyu ni wa nani, huyu analima shamba la mjane gani, huyu ameahidiwa kuwa mahari ya nani. Fimbo haina masikio.

Ilipomfikia Nyaradzo, Mbuya Shorai aliingia ndani ya uzio. “Huyo hapana.”

Mudzviti akauliza kupitia mkalimani ana nini huyo.

“Ni ng'ombe wa mama.”

Mkalimani, kijana wetu wa hapa hapa aliyejua vizuri maana ya maneno hayo, alianza kutokwa jasho, akatafsiri, na jibu likarudi kwamba ng'ombe wote waliopo hapa ni wa mama wa mtu.

“Mwambie hata mume wangu hamgusi.”

“Bwana anasema, basi mumeo ni bwege.”

Mzee Chakanyuka, aliyesimama pale pale akiitwa bwege mbele ya wake zake wawili na wakwe zake, alijitolea kutoa maksai wawili wa kulimia badala ya yule mmoja. Mudzviti akasema kwamba maksai hawazai na kazi yake leo ni kupunguza wanaozaa. Akanyoosha fimbo tena, akamgusa Nyaradzo nayo begani, wakamlaza, wakamchoma chapa, na harufu ile, marehemu aliniambia mwenyewe, aliisikia kwenye nguo za mama yake mpaka siku walipomzika nazo.

Na sasa sikieni uchawi wa wenye elimu. Ng'ombe waliozidi walinunuliwa siku ile ile, paundi mbili kila mmoja, bei ya blanketi zuri, na mzungu jirani tuliyemwita Bwana Dumbu, yaani Bwana Tumbo, na mkimwona mngesema tulimpunguzia. Akawaswaga akawavusha mto, akawafungulia kwenye shamba lake lenye majani ya kufika magotini yasiyo na wa kuyala, na shamba hilo lilikuwa Ruware. Ruware yetu! Yaani ardhi iliyochoka ilikuwa yetu, ng'ombe waliozidi walikuwa wetu, na dawa ya uchovu wote huo ikawa ni kumpa Bwana Dumbu. Nyaradzo alirudi nyumbani. Wasiorudi ni wenyewe.

Mwezi Machi 1956 marehemu alikwenda kwa baba yangu, akaketi, akamuuliza, “Mtani, anayekula ng'ombe wa mama bila kuoa anaitwaje?”

“Mwizi.”

“Na anayemla akiwa ameoa?”

“Mkwe mwenye deni.”

“Basi mwizi huyu ana bunduki, hatumwezi. Tumfanye mkwe. Mkwe ana aibu. Kavae koti.”

Baba yangu akavaa koti, akatembea maili kumi na nane mpaka boma, akachuchumaa chini ya baraza ya Mudzviti, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa kama inavyompasa mshenga, akasema kwa sauti ya adabu, “Nimetumwa na wakwe zako. Wanasema mama bado hajamwona ng'ombe wake.” Karani mmoja alicheka mpaka akamwaga wino. Mudzviti hakucheka. Baba alipewa miezi miwili ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye vilima hivi hivi mnavyoviona, kwa kosa la kudharau ofisi, akarudi mbavu zikihesabika, akaenda moja kwa moja kwa marehemu kutoa taarifa, kwa kuwa mshenga hafi na ujumbe tumboni. “Mkwe anasema,” akamwambia, “bado anatafuta.”

Mbuya Shorai alifariki tarehe 3 Mei 1958, na maneno yake ya mwisho kwa marehemu yalikuwa, “Usinizike kama mtu aliyesamehe. Na wewe siku ukija kwangu, usije mikono mitupu.” Chenzira akajibu, “Sawa.” Mnaikumbuka sawa ya Chihera.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa Ruware kwa Bwana Dumbu tarehe 12 Januari 1957, kwanza dobi, baadaye mkamuaji, akafanya kazi huko miaka ishirini na minne. Watu walimsema. Walimwambia kisimani, “Chihera mzima, unakwenda kumfulia mwizi soksi?” Akawajibu, “Soksi ni zake, macho ni yangu, na yapo zizini.” Alimkuta Nyaradzo wa kwanza akiwa na mimba, akamkamua kwa mkono wake, na kila ndama aliyezaliwa, Bwana Dumbu alimpa namba ndani ya daftari na marehemu alimpa jina la shangazi au mjomba wa mama yake, akamnong'oneza sikioni. Baada ya miaka kumi kundi zima la upande ule lilikuwa halijui namba hata moja. Bwana akiita, wanatafuna. Chenzira akisimama langoni akasema, “Mjomba Rwizi, jua limekuchwa,” linaondoka dume lenye uzito wa gari, linakuja taratibu limeinamisha kichwa kama mzee aliyeitwa kwenye kikao.

Dume hilo hilo, tarehe 30 Agosti 1969, lilishinda zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya mkoa, likavikwa utepe wa bluu shingoni, na kwenye ubao ikaandikwa kwamba ni mbegu bora ya asili iliyotengenezwa kwa juhudi za mwenye shamba. Mbegu bora! Wale wale walioitwa takataka kwenye josho letu, wale wale waliokuwa wakiua ardhi kwa kwato zao, walivuka mto tu wakawa bora. Bwana Dumbu alifurahi mpaka akamwita marehemu mbele ya wageni wake, akamwambia kwa ile lugha yao ya jikoni, “Wewe ona, Chenzira! Mwaka kumi na mbili mimi fikiri sana, sasa dume mzuri hii!”

“Naona, Bwana. Huyo ni mjomba wangu.”

Wakacheka wote, yeye na wageni wake na wake zao wenye kofia, wakaona Chenzira ana mzaha. Marehemu akapiga magoti mbele ya uzio, akampigia dume makofi ya salamu, akamuuliza hali, akasimama, akaenda kufua.

Lakini mzaha haukuwepo. Sekesai aliolewa tarehe 4 Desemba 1971 na Mwalimu Mutasa, aliyepo hapa chini kulia, na karibu miaka kumi ikapita pasipo mtoto. Hospitali walikwenda, waombezi walikwenda, na mashangazi wa mume walianza kuja na maneno ya pembeni pembeni, “Mwali wetu, shamba linalimwa kila mwaka, kulikoni?” Sekesai akaja kwa mama yake akalia, akamwambia, “Mama, ni ng'ombe wa bibi. Watu wanasema, na mimi nimechoka kusema hapana.” Marehemu hakulia. Alisema, “Najua. Ndiyo maana nanuka sabuni ya yule mtu mpaka leo.” Mume wake Hwenga alikuwa amefariki tarehe 17 Juni 1979, vita vikiwa vimepamba moto, na angeweza kuacha kazi ile akapumzika. Hakuacha.

Uhuru ulipokuja, Bwana Dumbu aliona nchi imeharibika, akaamua kuhamia ng'ambo ya Limpopo, na tarehe 28 Machi 1981 ng'ombe wake wakapigwa mnada Ruware. Marehemu akanituma mimi, mshenga wa zamu, mwenye miaka thelathini na miwili, na viatu vya jukwaani vyenye visigino. Yeye mwenyewe akaketi chini kando ya lango la mnada, mgongo ameuelekeza kwa Bwana Dumbu, kama mama mkwe asiyetaka kumwaibisha mkwe wake, na kila aliyepita alimruka. Nikamwendea Bwana akiwa ameketi juu ya kreti la vyombo vyake, nikamweleza kwamba miaka ishirini na minne ya kazi haitaki saa ya ukutani, inataka mtamba mmoja wa ukoo wa Nyaradzo. Akaniambia hao ni wa daftari, mmoja wao ananunua nyumba. Nyuma yetu marehemu akaita, hakupaza sauti, “Tete Munyaradzi, twende nyumbani,” tete yaani shangazi, na kutoka katikati ya kundi akatoka ng'ombe jike mzee mwekundu, paji jeupe, pembe imeinama, akaja akasimama nyuma ya mgongo wake, akaanza kumlamba kilemba. Wanunuzi wakapiga miluzi. Bwana Dumbu akamfunua mdomo yule ng'ombe, akatazama. “Hii meno hapana. Nani taka? Chukua. Zawadi.”

“Anasemaje mkwe?” akauliza marehemu bila kugeuka, ingawa alikuwa amesikia.

“Anasema ni zawadi, Ambuya.”

“Mwambie deni halilipwi kwa jina la zawadi. Mwambie amelipa, amechelewa miaka ishirini na sita, na faini bado.”

Nami, mbele ya bastola iliyokuwa kiunoni mwa yule mtu, nikatafsiri, “Anasema asante sana, Bwana.” Marehemu, aliyefua soksi za lugha ile miaka ishirini na minne na kuielewa neno kwa neno, hakunisemesha mwaka mzima. Aliondoka na ng'ombe wake, akamvusha mto, akamfikisha kwanza kaburini kwa Mbuya Shorai, akamwambia mama yake, “Nimempata, ila kachoka kidogo.” Yule asiye na meno alikuwa na mimba. Na Sekesai akajifungua mtoto wa kike tarehe 11 Februari 1983, saa kumi alfajiri, kilo tatu na robo. Madaktari wana maelezo yao, nayo ni mazuri sana, tunawashukuru.

Kuanzia hapo marehemu alifuga. Hakufuga wengi, hakutaka wengi, alitaka mmoja asiyekatika. Miaka kumi baadaye alizaliwa mjukuu wa yule mzee, mwekundu, paji jeupe, pembe ya kushoto imeinama kusikiliza umbea, na marehemu alipomwona alikaa chini mavini akacheka peke yake, akampa jina la wa kwanza. Nyaradzo huyo amezaa mwezi Julai mwaka huu, ndama jike.

Marehemu alianza kuugua sukari mwaka 1994, mguu wake wa kulia ukakatwa tarehe 6 Mei 1996, na hata wakati huo alimwambia daktari, “Mwanangu, umepunguza mmoja, umebakiza sita?” daktari asielewe, wauguzi wa hapa wakatoka nje kucheka. Jumapili iliyopita aliwaita watoto wake. Mali yote akaigawa kwa dakika moja. Kisha akasema kwamba siku ya kumzika, Nyaradzo aletwe asimame kando ya kaburi wakati yeye akishushwa, kwa sababu kuna mtu anakwenda kukutana naye ambaye alimwagiza asije mikono mitupu, na baada ya hapo ng'ombe awe wa Sekesai. “Na asinyooshewe fimbo,” akasema. “Aitwe kwa jina, atakuja.” Alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba 1997, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na Mudzviti, popote alipo, akiwa bado anadaiwa faini.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia, kwa majirani waliochota maji na kukata kuni, kwa akina mama wa kanisa walioimba usiku kucha wakiwa na sauti na walipoishiwa sauti, kwa wafanyakazi wenzake wa zamani wa Ruware, na kwa Mzee Saizi, mchunga ng'ombe wa marehemu, ambaye shukrani zake nimeambiwa niziseme kirefu.

Leo alfajiri watoto wa marehemu walikwenda mochari ya hospitali kuchukua mwili, wakaniachia mimi, mtani, kazi ya kusimamia mnyama wa msiba, na wakanielekeza kwamba ni yule maksai mweusi. Nikaenda zizini. Nikamwona yule maksai ni mbavu tupu, nikajiambia watu watasema mtani kawalisha mifupa. Palikuwa na mwingine, mnene, nundu imejaa. Nikanyoosha fimbo yangu hii ya jukwaani. Nikasema, “Huyu.” Mzee Saizi akasema, “Lakini mzee, huyo ana...” Nikamwambia, “Mtani haulizwi.” Kiwele sikukiona, nilikuwa natazama nundu. Saa sita mchana, nikiwa na kalamu, nilimuuliza Sekesai yule Nyaradzo ana rangi gani, niiandike vizuri. Akaniambia. Nami nilikuwa na mafuta yake kwenye ndevu.

Jamani, msiteme, mmekwishameza. Mudzviti alihitaji sheria, mkalimani na askari, akamchukua miaka ishirini na sita. Mimi nilihitaji fimbo tu, na nikammaliza kabla ya chai.

Yule ndama nyuma ya jiko ni jike, ana paji jeupe, ana wiki nane, na ndiye atakayesimama kando ya kaburi jioni hii, Sekesai atamwita kwa jina na mimi nitabeba chupa ya maziwa, leo na kila siku mpaka aache kulia. Chihera, lala sasa, safari ya njiani imekwisha, mwambie Mbuya Shorai ng'ombe anakuja nyuma, kachelewa kidogo, kosa si lako. Deni nimelikubali mbele ya watu wote hawa, na mila inataka mshenga aende kwa mdaiwa amdai ng'ombe wa mama. Ila mshenga wa ukoo huu hutoka kwetu tu, na kwetu nimebaki peke yangu, kwa hiyo kesho asubuhi nitavaa koti la baba, nitakwenda kwangu, nitapiga hodi, na ninamjua yule mtu, atatoka mlangoni aniambie bado anatafuta.